Kiraka cha Ndani

Ngiri, kwa lugha yetu, ni ugonjwa na ni mnyama.
Wangu alikaa kinenani miaka sita,
akichungulia kila nilipokohoa,
kila nilipojitwika robota la vitambaa kutoka Mtaa wa Kongo.
Nikimsukuma kwa kidole, anaingia.
Nikicheka, huyo, katoka.

Mara ya kwanza walimshona kwa uzi mtupu.
Walivuta nyama huku, wakavuta huku, wakazikutanisha kwa nguvu,
nami fundi cherehani nikalala pale, roho inanisuta.
Suruali iliyochakaa ukiivuta ukaishona hivyo
haichaniki kwenye mshono. Inachanika kando yake.
Miezi kumi na minne.
Nilikuwa nimeinama tu, natafuta bobini chini ya meza.

Pale Amana, Dakta Tumpale hakuwa na maneno mengi.
Alinionyesha kipande juu ya kiganja:
wavu mweupe, matundu madogo, mwepesi kama shela.
Nikauliza, hiki si chandarua?
Akacheka. "Binamu yake."
Nikauliza bei. Hakucheka.
Siwema akaiuza cherehani ya pili, ile nyeusi ya kanyagio,
akarudi bila kunitazama.

"Safari hii hatuvuti kitu," alisema daktari. "Tunatandika.
Nyama yako yenyewe itapenya kwenye matundu,
ishikane na wavu mpaka usijue upi uzi, yupi mtu."
Hapo nikamwelewa.
Hivyo ndivyo ninavyofanya kwenye magoti ya sare za shule,
kwa ndani, mama mtu asione nilipopita.

Sindano ya mgongo. Miguu ikaniaga.
Nikasikia mkasi, nikaujua mlio wake.

Huu mwaka wa tatu. Sitadanganya:
zipo asubuhi za masika panavuta,
panakera kama lebo iliyosahauliwa kwenye kola.
Na Mkude, tuliyelala vitanda jirani,
wavu wake ulitunga usaha, wakaufumua.
Ukimtajia habari hizi anatema mate. Simbishii.
Kila kitambaa na fundi wake, na bahati yake.

Ila jana nilibeba robota, peke yangu, hadi Mchikichini.
Nikalitua. Nikaweka kidole palepale,
nikakohoa kwa makusudi,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mdeni wake.

Nikasubiri.
Nikakohoa tena.

Hakuna aliyeitika.