Ukwapi na Utao

Jumatatu hatuna wageni.
Nalinda ukumbi wa pili, kiti cha plastiki,
redio ya mawasiliano kiunoni, chupa ya chai chini ya meza ya tiketi.
Upande wa barabara ya Kipande magari yananguruma;
humu ndani husikia hata balbu ikifikiri.

Piano ililetwa Ijumaa na vijana sita na mablanketi.
Baridi ya Julai imezilegeza nyuzi.
Fundi Mwakio alikaa nayo kutwa, sikio ubavuni mwake
kama daktari wa ng'ombe,
akaenda zake akisema: fa ya katikati bado ina mafua,
mwambie aipitie polepole.

Mghoi akaja na koti la mvua na begi la vitabu.
Akavua viatu. Akacheza na soksi zake za kijivu.

"Wahispania," alinijibu,
nilipouliza mbona muziki unachechemea makusudi.
"Mtu wa kule aliingia nyumba ya picha,
akatoka na vidole vimejaa nyuso.
Nami namchezea huyu."
Akamwonyesha kwa kidevu, pale ukutani.

Huyu namjua. Nimemlinda miaka kumi na mmoja.
Mama wa mchoraji Kipsoi, rangi ya mafuta juu ya gunia la kahawa,
anasugua sufuria, ametupa mgongo.
Watoto wa shule huniuliza uso wake uko wapi,
nami huwaambia: umo ndani ya sufuria, tazameni vizuri.
Haumo. Ni masizi tu.

Mkono wa kushoto ukakwaruza
kama gitaa lililofungiwa kabatini.
Wa kulia ukaja nyuma kidogo, ukijivuta,
kama mtu aliyesahau jambo mlangoni.
Nikajikuta nahesabu kwa vidole:
nane, pumzi, nane.

Baba alikuwa karani wa posta, mtunzi wa mashairi ya gazetini.
Aligonga mizani kwenye ukingo wa sahani, ugali ukipoa:
ukwapi huuliza, utao hujibu,
na kituo kikilegea, shairi zima limelala njaa.

Nikamwambia Mghoi hivyo.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
"Unao wako?"

Ninao. Nyuma ya tiketi zilizoharibika, zamu za usiku.
Nikasimama, rungu mkononi, nikasoma:

*Wasugua nini mama, masizi hayasuguki,*
*Usiku umeshahama, na wewe huinamuki,*
*Nimekulinda daima, na uso hauoneki,*
*Geuka walau nyuma, kinanda hakikucheki.*

Hakusema ni zuri. Alirudi mwanzo wa kipande chake,
na safari hii, baada ya kila swali la kushoto,
akangoja.
Akangoja hadi nikaona aibu kwa niaba ya kimya,
ndipo mkono wa kulia ukajibu.

Baadaye, tukigawana chai kwa kifuniko cha chupa,
akaniambia gitaa lao mjomba wake ni udi.
Udi? Mimi udi niujuao ni wa kufukiza,
shangazi aliuweka chini ya kanga zake za harusi.
Tukabishana. Akafungua kitabu, akafungua kingine.
Kumbe ni neno moja, maana yake mti:
mmoja huungua, mwingine huimba.
"Na sukari yao," akasema, "ni ndugu ya hii unayokoroga."
Nilikoroga tena, nione kama italia tofauti.

Saa kumi na mbili akavaa viatu, akaniachia vitabu viwili
na deni la ubeti wa pili kabla ya Alhamisi.

Nikazima taa, moja moja, kama kanuni zinavyotaka.
Mama wa Kipsoi hakugeuka. Sikutarajia ageuke.
Lakini sufuria, kwa mwanga wa taa ya mlangoni,
niliitazama kuliko siku zote.

Kisha, maana hapakuwa na wa kunikataza,
nikaibonyeza ile fa kwa kidole kimoja.

Ikakohoa.
Nikaiambia, pole.