Mawe ya Redio

Tukuyu jua ni mgeni wa saa mbili:
hupiga hodi, huonja chai, huaga.
Wenzetu wa Usangu walianika mawe ya redio juu ya bati
yakarudiwa na nguvu. Sisi tuliyapanga jikoni,
manne, kando ya mafiga,
na kaka Ambakisye akiyageuza kwa kidole,
mama asije akayachanganya na magimbi.

Kanda ilikuwa moja.
Upande wa pili ulikuwa umefutwa na mahubiri ya mtu tusiyemjua:
anakohoa, anasema tufungue, kisha mvua.
Mvua ya ndani ya kanda ikakutana na ya juu ya paa,
hatukujua tuzime ipi.

Lakini upande wa kwanza!
Gitaa lilikuja likiburuta miguu
kama ng'ombe anayepanda kutoka Kiwira ameshiba.
Mwimbaji alikuwa mzee mnene,
mtu wa koti zito, aliyekwisha kula,
asiye na haraka hata na mwanamke anayemlilia.
Ni-ta-ku-fua-taaa, alisema,
ukaweza kushuka mtoni, ukajaza ndoo,
ukapanda, ukatua,
hajamfuata bado.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Tangu hapo kila muziki ulinikuta nimekaa, ukanipita.
Kwaya ilinitoa kwenye sauti ya pili;
mwalimu Mwaipaja alisema, Lugano,
Bwana atarudi wewe uko ubeti wa kwanza.
Harusini nilimwendea mpiga muziki: baba, punguza.
Akapunguza sauti.
Nikasema si sauti, mwendo.
Akanitazama kama nimemwomba apunguze Mlima Rungwe.
Hata marehemu mume wangu nilimpendea salamu:
alianza kusema ugonile pale kwenye migomba,
na kabla hajaimaliza
nilikuwa nimekubali.

Jana, Uyole, tunamenya viazi,
mwanangu Lusajo akaupata wimbo ndani ya simu.
Mama, ndio huu?
Gitaa likakurupuka kama kuku aliyekanyagwa.
Mwimbaji kumbe kijana! Tena mwembamba,
sauti ya mtu anayekimbilia basi la Kyela
mkate uko mkononi.
Nitakufuata, akaitema mara moja, kama anataja nauli.

Nikasema sio. Huyu labda mdogo wake.
Lusajo akasoma jina la bendi, akasoma mwaka,
akacheka mpaka kisu kikamponyoka.
Ndio wenyewe, mama.
Nyinyi mlikuwa na betri mbovu.

Betri mbovu.
Miaka arobaini nimegombana na kwaya,
nimewanunia vijana wa watu na spika zao,
nimejiita mtu wa muziki wa kweli,
kumbe nalinda uchovu wa mawe manne
na uchache wa jua.

Kiazi kilianza kuwa cheusi kiganjani.
Nikamuuliza: hiyo simu yako,
inaweza kuchoka?
Hakuelewa. Halafu akaelewa.
Akavuta kitu kwa kidole, chini, chini kidogo tena,
na mzee mnene akaingia jikoni kwangu
akavua koti.

Nyuma yake moshi wa kuni mbichi,
na kidole chenye masizi kinageuza jiwe la tatu.
Ambakisye, uliyekwenda Chunya kuchimba dhahabu
na koleo la kuazima. Nilikusindikiza hadi njia panda,
nikakwambia nitakufuata,
kisha nikashuka mtoni na ndoo.
Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari minne.
Wa nne ulisema: kanda itunze.
Sikuitunza. Panya waliifumua Pasaka moja,
utepe wote ukaning'inia darini
ukimeta kama njia ya konokono.

Mama, inachosha hii, akasema Lusajo. Niongeze mwendo?

Uache.
Viazi vyenyewe havijaiva.