Jumamosi ya Majivu

Kila Jumamosi, kabla ya kahawa,
Dorino hupiga magoti mbele ya stovu
kama ambavyo hajawahi kupiga kanisani:
gazeti sakafuni, bisibisi mfukoni,
na mswaki wake mkuukuu nyuma ya sikio.

Stovu yetu haili magogo. Inakula punje,
vumbi la misonobari lililoshindiliwa
hata likafanana na chakula cha sungura,
gunia zima kwa siku mbili baridi ikikaza.
Ilipoletwa nilicheka. Mashine yenye feni,
yenye vitufe na namba usoni,
ndiyo itakayonipasha joto mimi, binti wa mchoma makaa?

Sasa naijua kazi yake kama sala.
Izime, iache ipoe, usiwe na haraka:
jivu lionekanalo limekufa huficha kaa lenye macho.
(Jirani yetu Noemi alilinyonya kwa mashine ya vumbi;
mfuko ukashika moto, zulia likafuata,
na mpaka leo hatutaji zulia mbele yake.)
Kisha kile kikombe cha chuma unamokaa moto:
kitoe, kigonge, kwangua ukoko
ulioganda kama wa polenta, ugali wetu wa manjano,
zibua kila tundu kwa msumari,
maana tundu moja likiziba moto hukohoa.
Kioo hakitaki sabuni. Lowesha gazeti,
lichovye kwenye jivu lenyewe, sugua.
Wahenga walisema moto huzaa jivu, wakimcheka mtoto.
Mimi nasema mtoto ndiye amwoshaye mzazi uso.

Mwezi wa kumi na moja, theluji ya kwanza mgongoni mwa mlima,
stovu ilikataa.
Ilimeza punje, ikawasha moto mwekundu, mvivu,
wenye ndimi za moshi, kisha namba nane ikawaka
kwa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa.
Dorino akaifungua. Siku tatu akaifungua.
Akafagia dohani kutoka juu ya paa, kamba kiunoni,
mimi nimeshika ncha ya pili, na rozari.
Akabadili utepe wa mlango. Akazilaumu punje,
akamlaumu mwuza punje, akailaumu Austria zilikotoka.
Tulilala na makoti. Hatukusemezana.

Siku ya nne nilitoka kumwaga maganda ya viazi,
nikaliona lile bomba dogo la ukutani, nyuma ya nyumba,
ambalo stovu huvutia pumzi.
Hakuna aliyewahi kulifagia. Halikuwamo hata kwenye sala.
Nikaingiza kidole.

Kikatoka kitu chepesi, cha kijivu,
vijumba vyenye pembe sita sita:
kiota cha nyigu wa kiangazi, kitupu,
karatasi waliyoitengeneza wenyewe
kwa kuutafuna uzio wetu, ule uzio ambao Dorino
kila mwaka huuliza ni nani anayeukwangua.
Kumbe nao walikuwa wakisaga mbao,
wakishindilia,
wakijenga nyumba kwa vumbi lile lile.

Sikumwita. Nilirudi ndani, nikabonyeza kitufe.
Stovu ikavuta pumzi ndefu, kama mpiga mbizi aliyeibuka,
na moto ukasimama wima, mweupe, ukinguruma.
Dorino akatokea mlangoni na kofia yake ya sufu.
"Si nilikwambia? Ni utepe wa mlango."

Nikasema ndiyo.

Kiota kiko juu ya kabati, nyuma ya kopo la sukari.
Na Jumamosi, yeye akiwa bado magotini,
mimi huvaa viatu, nikazunguka nyumba,
nikaingiza kidole.