Koti la Studio

Barua ya ajira imesema: picha moja, ya rangi,
ukuta mweupe nyuma, mabega yaonekane.
Haikusema mabega ya nani.

Jana umeme ulikatika Makorora nzima.
Nikanyoosha shati kwa pasi ya mkaa,
nikajizoeza uso kwenye kioo cha mkobani
kinachonionyesha kwa mafungu:
jicho, kisha mdomo, kisha jicho jingine
lisiloafikiana na la kwanza.

Asubuhi, Ngamiani. Shemhilu ananivika koti jeusi,
kola ina poda ya watu wasionijua.
Nalitambua.
Ukutani limevaliwa na karani wa benki,
na Mwalimu Kilua, na bwana harusi mmoja mwenye chunusi,
na baba, mwaka aliopandishwa cheo kiwanda cha kamba;
picha ile ile tuliyoikuza siku ya arobaini.

"Pana," nasema.
"Hata kwake lilipwaya," anajibu,
ananibana mgongoni vibanio vitatu vya kuanikia nguo.

Kwa mbele, mhasibu.
Kwa nyuma, nguo iliyoanikwa.
Chini, ambako kamera haifiki,
leso na malapa.

"Usicheke. Usinune. Hapo kati."
Natafuta hapo kati.
Jasho limeshaanza safari nyuma ya sikio.
Kibanio kimoja kinafyatuka, ta!
naye anabonyeza.

Ananigeuzia kamera:
nusu kicheko, mdomo umekwenda upande,
upande wa baba.
"Turudie?"
"Hiyo hiyo."

Mlangoni kijana ameshanyoosha mkono.
Nampa koti,
bado lina joto langu.