Mizinga Saba

Karatasi ya Msabila upande mmoja ni hati ya deni,
mbolea ya tumbaku, chama cha msingi, Urambo.
Upande wa pili ni mti.
Ameuchora kwa mkaa aliouomba jikoni,
myombo mmoja, hauna jani,
na matawini vitu virefu, vyeusi, vinaning'inia.

Nikaupiga picha kama tulivyofundishwa semina.
Simu ya wodi ikazunguka, ikazunguka,
mtandao wa Tabora mchana una tabia zake,
kisha akili mnemba ikanena kwa maandishi mekundu:
Miili. Saba.
Hatari, asilimia tisini na moja.

Nilicheka. Nisamehewe.
Nilicheka mpaka Daktari Rwezaura akageuka.
Daktari, chombo hiki kimesomeshwa wapi?
Hakijalamba asali?
Hii ni mizinga! Baba yangu alikuwa nayo arobaini
kule Sikonge, magogo yaliyotobolewa,
yamefungwa kwa kamba za magome juu kabisa
nyegere asiifikie.
Nimekua chini ya vitu hivi vyeusi
nikisikia vinavuma.

Daktari akaandika: kosa la mashine.
Akatia sahihi, akaenda kula.

Usiku zamu ikabaki yangu.
Nikagawa vidonge, nikafunga dirisha lisilofungika,
nikamkuta Msabila macho, ananusa vidole vyake.
Nikamwonyesha mchoro, najisifu kidogo:
Mizinga mizuri, baba. Ya nani?

Akahesabu kwa kidole, polepole,
kama anayehesabu fedha za mwenzake.
Huu wa babu.
Huu wa babu pia.
Huu nilichonga mwenyewe, mwaka ule wa mvua.
Huu nyuki walihama, sijui niliwakosea nini.
Huu. Huu.

Kidole kikasimama.

Na huu?

Huo si mzinga, sista.

Nikautazama tena. Kweli, ulikuwa mfupi kuliko mingine,
na pembeni yake mkaa umefutwa kwa kiganja,
umerudiwa, umefutwa.
Babangu angeuona tangu mwanzo:
nani hutundika mzinga kwenye tawi la chini?

Chombo kilikosea sita.
Mimi nilikosea mmoja.

Mbali, stesheni, behewa liligonga behewa.
Nikavuta kiti, miguu yake ikapiga kelele sakafuni,
mgonjwa wa kitanda cha nne akatukana,
nikasubiri anyamaze.
Haya, baba, nikasema.
Nieleze huo.