Gaaju Hanywi Maji

Nilitoa ng'ombe thelathini na mmoja
nikapewa mmoja,
mrefu, wa rangi ya udongo mkavu.
Nikampa jina la mtamba niliyemlilia zaidi: Gaaju.

Biharwe yote ilikuja kumtazama.
Mzee Rwabushongo alimzunguka mara mbili,
akampiga kofi la ubavuni,
akauliza, "Huyu anakamwa saa ngapi?"
Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Ndani yake anaishi mwanamke wa Kijapani.
Kila nikiwasha hunisalimu, au hunionya,
mwaka wa tatu huu sijajua lipi.
Sauti laini, ya mtu asiyedaiwa.

Wakati ule petroli ilikuwa na haya.
Siku hizi kibao cha kituo hubadilishwa
kabla tarakimu za jana hazijashika vumbi:
elfu tano na mia moja,
elfu tano na mia nane,
elfu sita na mia tatu.
Wanasema ni vita vya huko. Wanasema ni malori yamekwama Malaba.
Gaaju hana haja ya sababu.
Ana kiu.

Hesabu za mke wangu Kemirembe ni za kibuyu.
"Lita moja ya kwako," asema akikifukiza,
"ni lita tano za kwangu, na robo juu.
Wanne waliobaki wanamnyonyesha mmoja."
Sikumjibu. Nilitoka nikakagua matairi,
ambayo hayakuwa na kosa.

Mjini Mbarara, ninapojulikana, sinunui tena.
Naenda kituo cha mbali, njia ya Masaka,
nachoma lita mbili kuficha aibu ya lita tatu.
Kijana wa pampu hupaza sauti: "Nijaze, bosi?"
Nateremsha kioo vidole vinne,
nasema kama mtu anayeungama,
"Ishirini."
"Lita ishirini?"
"Elfu."
Nyuma yangu bodaboda watatu wakanyamaza.
Sijawahi kusikia kelele kama ile.

Kwenye miteremko nimejifunza kuzima injini.
Usukani huwa fahali anayekataa kamba,
breki huwa jiwe,
nami nimekaa wima, vioo juu, tai shingoni,
nateleza kimya kama jeneza la tajiri.
Ijumaa kijana wa bodaboda alinifikia ubavuni,
akachungulia: "Mzee, amelala?"
Nikamwambia amelala.

Halafu juzi usiku ndama wa Siina alitoka vibaya,
mguu umepinda, mama hana nguvu hata ya kumlamba.
Daktari wa mifugo yuko mjini,
na hakuna bodaboda atakayebeba ndama aliyelowa.
Kemirembe hakuniuliza.
Alifungua mlango wa nyuma,
akapanda juu ya viti vya ngozi
nilivyowakataza hata watoto wangu,
ndama mapajani, chupa ya dang'a mkononi.

Taa ya njano ilikuwa inawaka tangu Jumapili.
Nikawasha. Yule mwanamke akasema yake.
"Anasemaje?" Kemirembe akauliza,
kwa mara ya kwanza tangu tumnunue.
"Anasema tutafika."

Juu ya mteremko wa mwisho injini ilikohoa, ikazimika,
na safari hii si mimi niliyeizima.
Tukashuka gizani, watatu,
wanne ukimhesabu Gaaju,
vioo vimejaa ukungu wa pumzi ya ndama,
dang'a inamwagika juu ya ngozi ya Japani,
nami, bila tai, mikono miwili kwenye pembe zake,
naomba barabara isipande.