Dakika Sita

Tunguu, saa nne usiku, nasahihisha.
Mize Shaame, mwaka wa pili, dakika sita.

Simu kaiegemeza kwenye pishi; picha imelala upande:
jamvi, karafuu, nusu ya uso.
Anaeleza asilimia ya unyevu kama nilivyowasomesha,
mara sauti ya mamaake, mwenyewe haonekani:
"Asilimia ndo nini? Vunja moja. Ikilia, ishakauka."
Mize akavunja. Ikalia.
Akacheka, sentensi ikampotea,
na kipande hicho hakukikata.

Jedwali langu la alama lauliza:
Mwanga? Hafifu.
Sauti? Jogoo kaingia mara mbili.
Marejeo?

Narudisha nyuma, nausikiza tena
mlio ule mdogo.
Miaka kumi na moja nasomesha ukaushaji,
wala sijapata kuusikia.